Mashujaa wa Ufilipino waliosahauliwa na vitabu

Muulize mwanao ni akina nani waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Bila shaka atakutajia Waingereza, Wajerumani, Wamarekani na Wajapani. Je, atawataja Wafilipino?

Julai 26, 1941, Ufilipino ikiwa bado chini ya Marekani, Rais Franklin Roosevelt aliamuru askari wake waingizwe katika jeshi la Marekani. Zaidi ya Wafilipino 250,000 walitumika vitani. Bataan ilipoanguka Aprili 9, 1942, Wajapani waliwatembeza maelfu ya mateka, Wafilipino kwa Wamarekani, kiasi cha kilomita 100 juani, kwa njaa na kiu. Wengi walifia njiani.

Shukrani ya punda ni mateke. Februari 1946, sheria ya Marekani iliwanyima wengi wao marupurupu waliyopewa wenzao. Malipo yaliidhinishwa mwaka 2009: dola 15,000 kwa aliye raia wa Marekani, 9,000 kwa asiye raia. Nishani ya dhahabu ya Bunge ilitolewa 2017, wengi wakiwa kaburini.

Pesa hazimfikii marehemu, lakini sifa yake humfikia mjukuu. Ndiyo maana mwaka 2011 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuhimiza shule zifundishe habari za askari hao, kuanzia darasa la 7 hadi la 12.

Nawe mzazi, ikiwa babu yenu alipigana Burma na KAR, usingoje kitabu. Wasimulie watoto leo.