Weka mausi pembeni: njia ya mkato kwa watoto wetu wanaoandika programu

Wazazi wenzangu mtakuwa mmeshaona: ukimuuliza kijana wa siku hizi hapa Muscat, Dubai au Doha anasomea nini, mara nyingi jawabu ni kompyuta. Tunalipa ada, tunanunua kompyuta nzuri, tunashukuru. Lakini kuna jambo dogo ambalo darasani hupitwa haraka, na mie ninayeandika programu kwa riziki naliona likiwavunja moyo vijana wazima wenye akili zao. Nalo ni namna ya kutembea ndani ya faili.

Mtoto wa dada yangu yuko kwenye majaribio ya kazi ya miezi mitatu. Akipasi anaajiriwa, asipopasi ndo basi. Mwezi wa pili alikuja kwangu kafunga bendeji kiganjani. "Mjomba, mie kazi hii siiwezi. Nikifika chini nishasahau nilichokiona juu."

Nikamwambia anionyeshe. Faili lina mistari 4,000. Skrini yake inaonyesha mistari 50 hivi kwa mara moja, kwa hiyo toka juu hadi chini ni skrini 80. Na yeye kazi kuzungusha gurudumu la mausi, kushuka, kupanda, kushuka tena. Hapo nani asingesahau? Mkono nilimwambia aende kwa daktari. Akili yake haina tatizo lolote.

Kwa wasiojua, programu haiandikwi kama barua. Imegawiwa vipande viitwavyo fanksheni, kila kimoja kina jina na kazi yake: hiki kinapiga hesabu ya bei, kile kinatuma risiti. Kimoja humwita mwenziwe, naye humwita wa tatu. Ukimwelekeza mgeni kutoka Ruwi kwenda Seeb humwambii ahesabu nguzo za taa. Unamwambia utapita Qurum, utapita Al Khuwair, halafu Azaiba. Fanksheni ndo hiyo mitaa, na mistari ndo nguzo.

Mabingwa wa zamani walilijua hilo mapema. Bill Joy alipotengeneza vi kule Berkeley, Marekani, miaka ya 1970, watu hawakuwa na mausi mezani, kila kitu ni kibodi. Mabano mraba mawili, yaani ]], yanakupeleka mbele kwenye fanksheni inayofuata, na [[ yanakurudisha nyuma. Mpaka leo yanafanya kazi ndani ya Vim, mtoto wa vi, aliyotoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. (Ukifungua Vim bila ya faili, mara nyingi skrini inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Si mzaha. Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na akawaomba watumiaji wachangie watoto wa huko badala ya kumlipa yeye.)

Kuna mtego mmoja. Asili ya ]] ni kutafuta bano la { lililoandikwa mwanzo kabisa wa mstari. Waandishi wa C wa zamani walipenda kuliweka hapo. Anayeandika Java huliweka mwisho wa mstari, na fanksheni zake zinakaa ndani zaidi, basi anabonyeza ]] na kishale kinaruka mpaka mwisho wa faili. Vijana hudhani kompyuta mbovu. Huyo atumie ]m na [m. Kwenye Emacs mambo ni mepesi: Ctrl+Alt+A mwanzo wa fanksheni, Ctrl+Alt+E mwisho wake.

Wengi wa watoto wetu wanatumia Visual Studio Code. Humo Ctrl+Shift+O inaleta orodha ya fanksheni zote za faili, unaandika herufi mbili tatu za jina, unabonyeza Enter, ushafika. Ukikuta jina la fanksheni usiyoijua, weka kishale juu yake ubonyeze F12, utapelekwa pale ilipoandikwa.

Lakini kwa maoni yangu kitufe chenye thamani kuliko vyote ni cha kurudi. Kwenye Windows ni Alt na mshale wa kushoto, kwenye Vim ni Ctrl+O. Kwenda kila mtu atakwenda. Anayejua kwamba atarudi palepale alipotoka haogopi kuchungulia, na kile alichokuwa akikifikiri hakimponyoki. Kile binti alichokiita kutoweza kazi kilikuwa hiki tu. Siku hizi hanipigii tena usiku kuuliza, ananipigia kunisimulia. Tathmini yake ni mwezi ujao, inshallah.

La mwisho linatuhusu sisi wa huku. Kompyuta zetu nyingi zina kibodi ya Kiarabu na Kiingereza pamoja. Kijana akimwandikia bibi yake ujumbe kwa Kiarabu kisha akarudi kwenye Vim bila ya kubadilisha lugha, kitufe cha [ kinatoa ج na cha ] kinatoa د, na amri hazisikii kitu. Kwenye Windows abonyeze Alt na Shift ya kushoto, lugha irudi Kiingereza, ndo aendelee na kazi.