Kompyuta Inayozimika Ghafla: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kompyuta ya mezani inapozimika ghafla mbele ya darasa, aghalabu mwalimu hufanya moja kati ya mambo mawili: hulaumu umeme, au hushika bisibisi. Yote mawili yafaa yangoje. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali la kwanza si "Kimeharibika nini?" bali ni "Huzimika lini?" Jambo hilo sisi tulijifunza kwa gharama.

Katika chuo kimoja cha mkoa huu wa Songwe tulikuwa na kompyuta iliyohifadhi alama za mazoezi ya kufundisha. Ilizimika mwezi Juni, ikazimika tena, na mara ya tatu faili la alama likaharibika. Tulikesha siku mbili tukizinakili upya kutoka katika karatasi, na karatasi nyingine hazikuonekana kamwe, hata ikabidi wanachuo kadhaa wakaguliwe tena darasani kwa kosa lisilo lao. Sisi wakufunzi tulikuwa na hakika kwamba tatizo ni umeme. Tukanunua yupiesi, yaani kile kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme unapokatika. Haikusaidia. Kisha, kwa siku moja, tukabadili memori, tukaweka upya programu ya Windows, na waya wa umeme tukaubadili pia. Mashine ikakaa siku mbili salama, nasi tukafurahi. Siku ya tatu ikazimika. Tena, kwa kuwa tulibadili mambo matatu kwa pamoja, hatukuweza kujua lipi lilisaidia, kama lilikuwapo.

Aliyetuonyesha njia ni mwanachuo mmoja aliyekuwa akiandika katika daftari saa ya kuwasha, saa ya kuzimika, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Daftari lilionyesha kwamba asubuhi mashine ilifanya kazi kwa nusu saa hivi. Ikiwashwa mara tu baada ya kuzimika, haikumaliza dakika tano. Ikipumzishwa saa nzima, ilirudia nusu saa yake. Ikionyesha video, ilizimika mapema zaidi. Taa za chumba hazikuzimika hata mara moja.

Hizo ni dalili za joto. Wazo hilo tulikuwa tumelikataa, kwani Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni tunafundisha tumevaa makoti. Lakini joto linalohusika ni la ndani ya kasha, wala si la chumba. Prosesa hutoa joto, joto hilo hupita katika mapezi ya alumini, na feni huliondoa kwa kulipuliza. Mapezi yakizibwa na vumbi, joto hubaki palepale. Na sisi tunaoishi kando ya barabara ya malori yaendayo Zambia twalijua vumbi la kiangazi. Prosesa nyingi hupunguza kasi joto linapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi, na likizidi, mashine hujizima ili isiungue. Mwalimu atakayepangiwa Kamsamba, bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, atakuwa na joto la chumba juu ya hilo.

Mwenendo tofauti huashiria chanzo tofauti. Mashine ikizimika pamoja na taa, chanzo kiko katika njia ya umeme. Ikizimika mtu anapogusa meza au waya, soketi imelegea. Ikizimika bila kufuata saa wala joto, hasa inapopewa kazi nzito, ishuku pawasaplai, lile kasha dogo linalopokea umeme wa volti 230 na kuupunguza hadi 12, 5 na 3.3. Skrini ya buluu yenye maandishi ya hitilafu kwa kawaida hutupeleka kwenye memori au programu. Windows yenyewe huandika tukio namba 41 baada ya kuzimika vibaya, lakini tukio hilo husema tu kwamba mashine ilizimika. Halisemi kwa nini.

Kabla ya kusafisha, chomoa waya ukutani na uguse chuma cha kasha ili umemetuli ukutoke. Tumia brashi kavu ya rangi, kamwe si kitambaa chenye maji, na ishikilie feni kwa kidole isizunguke. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata kidogo: ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa tunapolifundisha somo hili, kipindi cha kwanza hatutoi bisibisi. Kila kikundi hupewa mashine yenye kasoro, daftari na saa, nacho huandika kwa siku tano. Kipindi cha pili kikundi husema kinashuku nini na kwa ushahidi upi, ndipo kinaporuhusiwa kubadili kitu kimoja, kimoja tu, na kurudi kwenye daftari. Wanachuo hulalamika kwamba ni polepole mno. Mashine yetu ilisafishwa kwa dakika kumi na tano.