Sheni inakatikia mlimani, lakini iliisha zamani

Katika Masisi na Walikale, pikipiki si kitu cha starehe. Ndiyo inapandisha mchimbaji Rubaya asubuhi, ndiyo inashusha gunia la koltani jioni, ndiyo inakimbiza mama mjamzito hospitali usiku. Gari likikwama kwenye matope, motari anatafuta kanjia pembeni na anapita. Njo maana sheni ikikatika kwenye mtelemko, haumii motari peke yake. Inaumia nyumba nzima iliyokuwa inamungojea.

Leo tuongee juu ya kitu ambacho watu wengi hawaangaliaki mpaka kimevunjika: njia ambamo nguvu ya moteri inapitia mpaka ifike kwenye gurudumu la nyuma. Ndiyo ambreyaji, bwate ya vitesi, sheni, na vile vyuma viwili vya meno: pinyo ya mbele na kurone ya nyuma.

Wazee wanakumbuka wakati hata pikipiki haikukuwa. Kasiteriti ilipoanza kuchimbwa Bisie mwaka 2002, wabebaji walitembea siku mbili porini, gunia la kilo 50 mgongoni, mpaka Ndjingala. Kiisha ndege zilitua juu ya barabara pale Kilambo kuchukua mawe na kuyapeleka Goma. Upande wa Masisi, chukudu mpaka leo inabeba viazi na makala. Chukudu haina sheni wala bwate: inapanda kwa jasho na kushuka kwa uzito wake. Pikipiki imetupunguzia jasho, lakini imetuachia kazi moja, ni kuitunza.

Mafuta moja, kazi tatu

Kwenye Boxer, TVS na ndugu zao wa 125, mafuta ni yale yale moja. Yanalainisha moteri, yanalainisha meno ya bwate, na diski za ambreyaji zinaogelea ndani yake. Yote ile ni kama lita moja tu. Mafuta yakiwa machafu, vitu vitatu vinakufa pamoja.

Kwa hiyo usimwage ndani kila mafuta unayopata. Mafuta ya gari mengine yametengenezwa ili vyuma viteleze sana, na diski za ambreyaji hazitaki kuteleza, zinataka kushikana. Kwenye chupa ya mafuta ya pikipiki tafuta herufi JASO MA. Na chupa iliyofunguliwa mbele ya kununuliwa, iache pale pale.

Vidanji ni lini? Kitabu cha pikipiki kinatoa kilomita, lakini ile hesabu ni ya barabara nzuri na mutu mmoja ao wawili nyuma. Sisi tunapanda milima na watu watatu pamoja na gunia. Gawanya ile hesabu kwa mbili. Kama kilometa imekufa, andika tarehe ndani ya kaye na uhesabu kwa siku za kazi.

Moteri inalia, pikipiki haiendi

Motari wengi wanajua ile alama: unapanda, unaongeza gazi, moteri inalia sana, lakini pikipiki inatembea kama imechoka. Ni ambreyaji inateleza. Lakini mbele fundi hajafungua kitu, aanzie kwenye mkono. Mkono wa ambreyaji unapaswa kucheza kidogo, sentimita moja mpaka mbili kwenye ncha yake, mbele haujaanza kuvuta. Kama hauchezi hata kidogo, diski hazijabanwa muzuri, zinaungua polepole. Kurekebisha waya ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha diski ni pesa ya siku mingi.

Tena kuna tabia inayoua ambreyaji kwetu: kupanda mlima huku umevuta mkono nusu, juu ya kuogopa moteri isizime. Afazali urudie vitesi ya kwanza mapema.

Sheni inasema mbele ya kukatika

Shika sheni katikati, upande wa chini, uipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki mingi inapaswa kucheza milimita 20 mpaka 30. Zungusha gurudumu na upime fasi mbalimbali, sababu sheni iliyozeeka inakaza upande mmoja na kulegea upande mwingine. Ikiwa legevu sana, inaruka meno na inaweza kujikunja na kufunga gurudumu la nyuma. Ikiwa imekazwa sana, mzigo ukipanda inavuta rulma ya bwate na kuiharibu. Hakuna ushujaa katika kukaza sheni kama waya wa gitaa.

Kujua kama imeisha, fanya hivi. Vuta sheni nyuma kabisa ya kurone. Kama inaachana na meno mpaka unaona nusu ya jino, imeisha. Ukitaka kuhakikisha, tumia mita. Sheni ya namba 428, ile ya pikipiki mingi za 125, pima kutoka msumari wa kwanza mpaka wa 21. Mpya iko na sentimita 25,4. Ikifika karibu 25,9, usipande nayo mlima tena.

Kisha angalia meno. Meno mazima yamesimama sawasawa. Meno yaliyokwisha yameinama na kuchongoka kama ndoano.

Ukifika garaji

Ukibadilisha, badilisha vitatu pamoja: sheni, pinyo na kurone. Sheni mpya juu ya meno ya zamani inaliwa haraka sana, na ile pesa uliyofikiri umeokoa umeitupa. Omba fundi akurudishie vyuma vya zamani. Fundi mwema hakasirikaki. Simama uone mafuta yanatoka. Unga laini wa chuma kwenye kizibo ni kawaida. Vipande kama punje ya mchele ni neno lingine: jino limevunjika ndani ya bwate.

Mbele ya kuondoka, angalia vitu viwili. Gurudumu linyooke: alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma zilingane. Na ile klipi ndogo inayofunga sheni: upande uliofungwa utazame mbele, kule sheni inaenda, na mdomo uliofunguka utazame nyuma. Ikigeuzwa, jiwe moja linaweza kuing'oa. Ni kosa dogo, na ni la kila siku.

Baada ya matope, osha sheni na uipake mafuta mazito ya bwate, namba 90. Mafuta meusi uliyotoa kwenye moteri yamejaa uchafu. Ukiyapaka ni kama kupaka mchanga.

Wenye Fuso na Land Cruiser nao wasikie. Gari likipita ndani ya mto na maji yakafunika po ya nyuma, maji yanaweza kuingia. Fungua kizibo. Kama mafuta yamekuwa meupe kama chai ya maziwa, usingoje Goma. Yamwage, weka mengine.

Nani analipa?

Hapa njo pagumu. Pikipiki mingi si ya motari. Kila jioni anapeleka pesa kwa mwenyewe, na siku ya kulala garaji haisamehewi. Motari anasema: hii si yangu. Mwenyewe anasema: si ni wewe unaiharibu? Katikati yao sheni inaendelea kuisha.

Wapatane siku ya kwanza, si siku ya ajali. Nani analipa vidanji, nani analipa sheni, siku gani ya wiki pikipiki inalala garaji bila kudaiwa pesa. Waandike ndani ya kaye na waweke sahihi. Kila siku waweke pembeni kidogo, hata bei ya chupa moja ya soda. Siku ya kununua vile vyuma vitatu itafika, watake wasitake.

Na wewe papa ao mama unayepanda nyuma, usiogope kuinama uangalie sheni mbele ya kulipa. Ukiiona inaning'inia kama mkanda wa mutu aliyekonda, ngojea pikipiki nyingine. Na motari akizima moteri ao akitoa vitesi kwenye mtelemko ili aokoe mafuta, mwambie arudishe. Ukiwa na mzigo mgongoni mwa mlima, vitesi ni fre ya tatu. Anayeitoa ameokoa kifuniko kimoja cha esansi, na ameweka watoto wako rehani.