Nilifeli kwa kukosa mpango, si kwa kukosa akili

Leo nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, nina mke, watoto na kazi ya kutwa, nilijiandikisha masomo ya jioni hapa Mombasa, diploma ya usimamizi wa miradi. Mtihani wa kwanza nikapata alama 34 kwa 100. Kijana niliyeketi naye dawati moja, umri wake sawa na kifungua mimba wangu, alipasi vizuri. Usiku ule nilivuka feri ya Likoni nikiwa nimeikunja karatasi mara nne mfukoni, asije akaiona mtu.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimesoma. Wiki mbili nzima, kila baada ya Isha, nilifungua daftari, nikapiga mistari kwa kalamu ya manjano, nikarudia ukurasa uleule mara tatu hadi usingizi ukanichukua. Kila nilichokitazama nilikiona nakijua. Karatasi ya mtihani ilipowekwa mbele yangu, ndipo nilipofahamu kwamba kujua daftari likiwa wazi ni jambo moja, na kukumbuka likiwa limefungwa ni jambo jingine.

Na sisi watu wa Pwani jambo hili tulifunzwa tungali wadogo. Chuoni, maalim hakukupa somo jipya hadi umsomee la jana kwa moyo. Ukikwama, unarudishwa nyuma. Tulidhani ni ukali tu. Kumbe Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 kwamba mtu husahau haraka sana muda mfupi baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi ndiko kunakolishika somo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma makala na kuyarudia kuyasoma, na wale walioyafunga wakajaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi.

Basi nikabadilisha. Nilisoma dakika 40 baada ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Dakika kumi za kwanza daftari limefungwa, naandika ninachokumbuka cha jana. Kisha nafungua kutazama nilipokosea. Ndipo naingia somo jipya. Kalamu ya manjano nilimpa binti yangu akachorea.

Sasa nije kwenye somo lenyewe, maana huko ndiko nilikogundua kuwa makosa yangu ya darasani na makosa yetu ya mtaani ni ndugu moja.

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoacha kitu ambacho hakikuwepo. Kuuza mahamri kila asubuhi si mradi. Kujenga kibanda cha kuuzia mahamri ni mradi. Kila mradi unabeba mambo matatu yaliyofungwa kamba moja: ukubwa wa kazi, muda na pesa. Ukivuta moja, mengine yanafuata. Ukitaka vyumba vitatu badala ya viwili, ama utaongeza pesa na siku, ama utapunguza ubora. Hakuna njia ya nne.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuandika mradi utakuwa umekwisha ukiwa vipi. "Kujenga madrasa" halijatosha. "Vyumba viwili vilivyoezekwa, vyenye milango, madirisha na sakafu ya simiti, watoto waingie kabla ya mvua za masika": hapo tumejua tunakwenda wapi.

Hatua ya pili ni kuigawa kazi vipande vidogo hadi kila kipande kiwe na mtu mmoja wa kuulizwa, siku zake na bei yake. Mwalimu wetu alisema kazi isiyogawanywa haina pa kuanzia, nami nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiandika "kusoma kitabu" kwenye ratiba yangu, halafu naahirisha kila siku. Nilipoandika "kurasa sita za sura ya pili, Jumanne", niliketi nikasoma.

Hatua ya tatu ni kujua kipi kinangoja kipi. Hapa nitumie biriani. Wageni wanakula saa saba mchana. Nyama inahitaji saa mbili kulowekwa viungo, saa moja na nusu kupikwa masala, kisha nusu saa ya kupangwa na wali na kupaliwa makaa. Jumla saa nne, kwa hiyo nyama iwe jikoni saa tatu asubuhi. Vitunguu vinakaangwa saa moja, lakini vinatakikana tu masala yakianza, saa tano. Ukianza kuvikaanga saa nne badala ya saa tatu, hakuna kitakachoharibika. Lakini muuza nyama akichelewa saa moja, wageni watakula saa nane hata ukiwa na wapishi kumi. Ule mfuatano mrefu kuliko yote, wa nyama, ndio unaoamua siku ya kumaliza. Wahandisi wa kampuni ya DuPont, Marekani, walisaidia kuunda hesabu hii mwishoni mwa miaka ya 1950, ingawa mama zetu walikuwa wakiifanya bila karatasi. Msimamizi mzuri hahangaiki sawasawa na kila kitu. Anaichunga nyama.

Hatua ya nne ni kuuliza nini kinaweza kuharibika, kabla hakijaharibika. Sisi ni wepesi wa kusema "Mungu atajaalia". Ni kweli, lakini Mtume (S.A.W.) alimwambia yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Kwa nini nayaandika haya? Mtaani kwetu tulichanga pesa za madrasa ya vyumba viwili. Nami nilikuwa katika kamati. Tulianza kwa furaha, msingi ukachimbwa, kuta zikapanda. Katikati mtu akapendekeza chumba cha tatu, sote tukaitikia, hakuna aliyeuliza pesa ya paa imebaki ngapi. Masika yakaja kuta zikiwa wazi. Watoto walisomea barazani kwa jirani mwaka mzima, na baadhi ya waliochanga hawatuamini hadi leo. Hakuna aliyeiba. Hatukugawa kazi, hatukuandika mwisho, na hatukumfunga ngamia.

Mambo haya si ya madrasa peke yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini mara nyingi tunakwenda kwenye mikutano ya wadi, tunapewa soda, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Mkutano ujao nenda na maswali manne. Mradi huu utakuwa umekwisha ukiwa vipi? Nani anaulizwa kwa kila kipande, na kwa bei gani? Ni kazi ipi ikichelewa yote yanachelewa? Na likitokea la kutokea, mmejiandaa vipi? Ongeza la tano: ukishafunguliwa, nani atautunza? Kisima bila wa kutengeneza pampu ni shimo.

Mtihani wa mwisho nilipasi, alhamdulillahi, na diploma iko ukutani. Lakini karatasi ninayoithamini ni ile ya alama 34. Nimeikunjua, nimeitia ndani ya faili la kamati ya madrasa. Chumba cha tatu tumekiacha kwanza. Mabati ya viwili yamenunuliwa, fundi ana tarehe zake, na kila Ijumaa baada ya sala tunasoma hadharani kilichofanyika na kilichobaki.