Mti Mama Mmoja Hauzai Msitu

Kila msimu wa mvua unapokaribia, na hasa tangu zianze kampeni kubwa za upandaji kama ile ya Kenya inayolenga miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, wataalamu wa mbegu za miti huulizwa swali lile lile na wakuu wa shule, viongozi wa vikundi na wenye vitalu: ni mti gani ulio mkubwa na ulionyooka kuliko yote, ili mbegu zote zichumwe hapo? Nia ya wanaouliza ni njema, lakini swali lenyewe limekosewa, na jibu lolote linalotaja mti mmoja, uwe mvule wa kijijini au mgrivea ulio kando ya ofisi ya kata, ni kosa ambalo halitaonekana kitaluni bali miaka 20 baadaye, wakati aliyelitenda amekwisha kustaafu.

Kosa la kwanza katika imani kwamba mbegu ya jitu huzaa jitu ni kudhani kuwa umbo la mti ni ushahidi wa kutosha wa urithi wake. Mti hukua kwa jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli yake, lakini hukua pia kwa udongo, maji, mwanga na bahati ya kuwahi nafasi iliyoachwa na mti ulioanguka. Hata katika mashamba ya majaribio, ambamo miche yote hupandwa wakati mmoja katika udongo unaofanana, sehemu ya tofauti za kasi ya ukuaji inayotokana na urithi kwa kawaida haizidi asilimia 10 hadi 30. Katika msitu wa asili, ambamo hakuna ajuaye umri wa mti huu wala wa jirani yake, sehemu hiyo hupungua zaidi, hivyo anayelisifu jitu lililoota ukingoni mwa mto huenda anausifu mto. Isitoshe, mahali ambapo mvule, mninga na mpingo imevunwa kwa vizazi kadhaa, miti iliyonyooka ndiyo iliyotangulia kwenda kiwandani, na huu unaoonyeshwa leo kuwa bora mara nyingi ni ule ambao wapasua mbao waliukataa.

Kosa la pili ni kumsahau baba. Mvule, ambao kitaalamu huitwa Milicia excelsa, una miti dume na miti jike iliyo mbalimbali, na chavua ya dume hupeperushwa na upepo, kwa hiyo anayeokota mbegu chini ya mvule jike anachukua nusu ya urithi kutoka kwa madume asiyoyajua, yaliyonyooka na yaliyopinda pamoja. Hali ya mgrivea, mti wenye asili ya mashariki mwa Australia ulioletwa Afrika Mashariki kutia kivuli mashamba ya kahawa na chai, ni mbaya zaidi unaposimama peke yake, kwa sababu kila ua lake lina sehemu ya kiume na ya kike, na pasipo jirani wa kuuletea chavua, mbegu chache zinazopatikana huwa zimetokana na mti kujichavusha wenyewe. Miti mingi ya misitu hubeba jeni zenye dosari zisizoonekana, kwa kuwa kila moja hufunikwa na nakala nzima iliyotoka kwa mzazi wa pili. Mti unapojichavusha, au ndugu wanapozaliana, dosari hizo hukutana, na matokeo yake ni mbegu tupu, miche iliyodumaa na miti inayokufa kabla ya kufaa hata kwa fito.

Wako wanaojitetea kwa kusema kwamba embe bora hutoka kwa mwembe mmoja bora, nao husahau kwamba mwembe wa kubebeshwa ni kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha mti ule ule, ilhali mbegu ni mtoto anayechanganya wazazi wawili. Wako pia wanaodhani kwamba wingi wa miche utafidia uchache wa mama, na hawa ndio wanaopaswa kuelezwa bila kuzungusha maneno kwamba hesabu inawakataa. Ikiwa mti mmoja utachavushwa na madume mengi na kuzaa miche 1,000 au 1,000,000, miche hiyo bado ni ndugu wa mama mmoja, na idadi yake fanisi, yaani idadi ya miti isiyo na undugu ambayo ingekuwa na kiasi kile kile cha uanuwai wa jeni, haizidi 4. Kijiji kinachojivunia msitu wa miti 10,000 iliyotoka kwa mama mmoja kimepanda, kijenetiki, miti 4. Na watoto watakaochuma mbegu katika msitu huo watakuwa wanaotesha matunda ya ndoa za ndugu.

Uanuwai huo si pambo. Mti unaoishi miaka 60 au 100 hauwezi kuhama, na mdudu anayeushambulia huzaa vizazi kadhaa kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mti hushindana naye kwa tofauti za jeni zilizokuwamo ndani ya msitu kabla adui hajafika, ambazo ndizo malighafi ya uteuzi wa asili na ya mageuko yenyewe. Kidukari wa saipresi alipoonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, mashamba yalikauka, lakini si kila mti uliumia sawa na mwenzake, na utafiti uliofanywa Kenya ulithibitisha kwamba sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Huko Ulaya, kuvu aliyeripotiwa Poland mwaka 1992 ameangamiza miti ya Fraxinus excelsior kwa mamilioni, na tumaini lililobaki limo katika asilimia chache tu ya miti yenye ustahimilivu wa kurithi. Asilimia chache za msitu mpana ni maelfu ya miti. Asilimia chache za ukoo mmoja huenda zikawa sifuri.

Yanayopaswa kufanywa ni machache na si siri. Mbegu zichumwe kwa miti mama isiyopungua 30, yenye afya na umbo la kuridhisha, iliyoachana kwa mita 50 hadi 100, katika msimu ambao miti mingi imezaa; kila mti utoe kiasi kinacholingana, kisha mbegu zichanganywe kabla ya kusiwa. Mti uliojitenga uachwe. Mbegu zitoke katika ukanda wenye mvua na mwinuko unaofanana na wa mahali zitakapopandwa. Vikundi visivyofikia miti 30 vibadilishane mbegu na vijiji jirani, au vinunue kwa taasisi zinazotunza kumbukumbu za vyanzo, kama Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) iliyoko Muguga na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anayetaka nakala halisi ya mti fulani atumie vikonyo, lakini vya miti mingi.

Mnunuzi wa miche naye hana haja ya maabara, kwani swali moja linamtosha: miche hii imetoka kwa miti mama mingapi? Kitalu kisichoweza kulijibu hakifai kununuliwa miche, hata kama miche yake ni mirefu kuliko yote sokoni.