Oman: Mwani mdogo unaotishia maji na samaki

Mabaharia wa Sur, katika mkoa wa Sharqiyah Kusini nchini Oman, waliutegemea upepo wa kaskazi kuvusha majahazi hadi Mombasa na Zanzibar. Leo wanasayansi wanauhusisha upepo huo na mwani mdogo mno unaoigeuza bahari kuwa ya kijani.

Mwani huu si ule unaolimwa Zanzibar. Kila mmoja ni chembe moja hai, isiyo na shina wala majani. Jamii zake huishi hata chini ya barafu ya ncha za dunia, na ndizo chanzo cha chakula cha viumbe wengi wa baharini. Madhara huanza zinapozaliana kupita kiasi.

Funzo la 2008

Mwaka 2008 aina moja iitwayo Cochlodinium iliyafanya maji kuwa mekundu katika Bahari ya Oman na Ghuba. Hali hiyo iliendelea hadi 2009, ikaua maelfu ya tani za samaki. Baadhi ya mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ililazimika kusimama, kwa kuwa mwani uliziba vichujio.

Oman haina mito ya kudumu. Hata Nizwa, mji wa bara wenye mfereji wa kale wa Falaj Daris, hauwezi tena kutegemea maji ya ardhini pekee.

Mtambo wa Sur, ulioanza kazi mwaka 2009, haunyonyi maji moja kwa moja baharini. Huyavuta kutoka visima vya ufukweni, ambako ardhi yenyewe huyachuja kwanza.

Theluji na kaskazi

Mwani wa kijani, Noctiluca, ambao usiku humetameta, ulianza kutawala Bahari ya Arabia wakati wa kaskazi mapema miaka ya 2000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza sababu: theluji ya Himalaya inapopungua, kaskazi hufika ikiwa na joto na unyevu zaidi. Maji ya juu hayapoi vya kutosha kuzama, na rutuba ya kilindini haipandi.

Mwani mwingine hudhoofika, lakini Noctiluca hustahimili, kwani hutumia mwanga wa jua na pia humeza viumbe wengine. Samaki wengi hawauli, hivyo mvuvi wa Sur hupungukiwa kwa sababu ya theluji asiyopata kuiona.