Matatizo ya umeme katika spika za mnara

Spika za mnara ni spika ndefu zinazosimama sakafuni, kwa kawaida mbili, kulia na kushoto kwa runinga katika seti ya sinema ya nyumbani. Nchini Tanzania wengi huita seti nzima "sabufa", ingawa sabufa hasa ni boksi la besi peke yake.

Kuna minara isiyo na waya wa kwenda ukutani. Hiyo hupokea sauti iliyokwisha kukuzwa, kwa hiyo yote miwili ikinyamaza kwa pamoja, kosa karibu kila mara liko kwenye amplifaya. Minara mingine ina amplifaya ndani yake, na hiyo ndiyo yenye fyuzi, transfoma na swichi zake.

Taa ya kifaa isipowaka, kwanza hujaribiwa soketi kwa kuchomeka taa au chaja ya simu. Kisha huangaliwa fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu, waya, na fyuzi iliyo nyuma ya kifaa. Fyuzi mpya iwe ya ampea zilezile. Kuziba pengo la fyuzi kwa waya au karatasi ya sigara kumezoeleka, nako ni hatari: kukitokea shoti hakuna kitakachokata umeme kabla ya transfoma kuwaka moto. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, shoti iko ndani, mara nyingi kwenye dayodi au transista, na hapo ni kazi ya fundi. Kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na inaweza kumpiga mtu.

Baadhi ya seti, hasa za mitumba, zina swichi ya kuchagua volti 110 au 220. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Seti iliyoachwa kwenye 110 huunguza fyuzi, na mara nyingine transfoma, mara tu inapowashwa.

Seti inayowaka kisha kujizima kwa kawaida inajilinda. Huzimwa, nyaya zote za spika huchomolewa, halafu huwashwa tena. Ikitulia, nyuzi za waya mmojawapo zinagusana, au spika mojawapo imeungua. Spika nzima ya omu 8 husoma takriban 6 hadi 7 kwenye mita. Ikisoma karibu na sifuri ina shoti.

Umeme mdogo huleta dalili nyingine. Katika Mkoa wa Ruvuma, mji wa Songea ulitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018, ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kata kama Lipingo, kwenye Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, ziko mbali zaidi na chanzo hicho. Popote palipo mwisho wa laini ndefu, volti zinaweza kushuka jioni watu wote wanapowasha taa. Amplifaya ya transfoma ya kawaida ikipata volti 180 badala ya 230, nguvu yake ya juu hubaki takriban asilimia 61, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Anayeongeza sauti ili kufidia hupata mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo huunguza spika ndogo za sauti nyembamba. Stabilaiza husaidia, mradi wati zake zizidi za seti.

Penye sola, inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini, na seti huvuma hata bila muziki. Mvumo uleule ukisikika kwenye umeme wa gridi, kapasita zilizochoka hushukiwa. Seti zinazokubali betri ya volti 12 huharibika haraka chanya na hasi zikibadilishwa.

Wakati wa radi kuzima kwa rimoti hakutoshi. Huchomolewa plagi pamoja na waya wa antena au dishi.